Barza ya Mwalimu: Chema Chajiuza, Lakini Kionekane



Mzazi mmoja wa Seeb ameniletea swali, nami naona linafaa kujibiwa mbele ya wote. Kijana wake ni Muomani aliyejifunza useremala Unguja, na sasa ana karakana ndogo. Kila kasha analolitoa husifiwa na majirani, lakini mwezi ukimalizika mfukoni hamna kitu. Watu wa nyumbani wanamshikilia aache randa akatafute kazi ya ofisini, maana ana posa mbele yake na mahari haingoji. Mzee auliza: je, samani za mkono zaweza bado kumlisha mtu, ilhali maduka makubwa yanauza kitanda kizima kwa fedha ambazo kijana hapati hata mbao zake?

Nasema zaweza, ila si kwa kukimbizana na kiwanda katika bei. Kitanda cha dukani aghalabu kimefanywa kwa unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, kikakatwa na mashine maelfu kwa maelfu. Fundi mmoja hatakifikia kwa urahisi hata akikesha kazini. Mnunuzi anayemjia fundi anatafuta kitu ambacho watoto wake watakirithi, naye hulipa zaidi akiwa na yakini ya mambo matatu: kwamba mbao ni ile aliyoambiwa, kwamba bei ni ya haki, na kwamba siku ya kukabidhiwa ni ile iliyotajwa. Biashara ya kijana wetu itasimama au itaanguka hapo.

Tuanze na mbao. Msaji, mvule, mninga, mfenesi na mwembe, zote hutengenezwa samani, wala hakuna aibu katika mwembe. Aibu ni kuupaka rangi na kuuuza kwa jina la msaji. Sote twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini umajimaji uliofichwa, na namna alivyomkemea mwenye kukiuza. Fundi na amwambie mteja: huu ni mwembe, na bei yake ni ya mwembe. Mteja aliyeambiwa ukweli mara moja hurejea, na akirejea huja na nduguye.

Kisha kuna hewa ya Maskati. Wakati wa joto unyevu wa bahari hupanda, huku ndani ya nyumba kiyoyozi kikikausha hewa usiku na mchana. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu wake, kwa hiyo ubao mpana uliobanwa kwa gundi na misumari pande zote hukosa nafasi, ukapasuka. Ndiyo maana fundi mzuri huuchomeka ubao wa kati wa mlango ndani ya mfuo bila ya gundi, upate pa kusogea. Kijana azikatae mbao mbichi, na zile kavu alizozinunua aziweke wiki kadhaa katika hewa inayofanana na ya chumba zitakamokaa. Kasha likipasuka katika sebule ya mteja, kila mgeni aingiaye atauliza ni la fundi gani.

Ama bei, hapo ndipo vijana wengi hupotelea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue kasha moja, kwa mfano wa hesabu tu. Mbao riali 45, shaba na bawaba riali 12, mafuta na msasa riali 5; jumla riali 62. Sehemu yake ya kodi, umeme na kunoa zana, riali 15. Kazi ni ya siku 7. Kijana akiona haya mbele ya jirani akaliuza kwa riali 100, kinachobaki ni riali 23, yaani riali 3 na kidogo kwa siku. Basi hizo ndizo sifa zisizojaza mfuko. Lakini akijihesabia riali 12 kwa siku, kazi yake ni riali 84, na kasha limekwisha kumgharimu riali 161 kabla ya faida. Akiomba riali 180, atakuwa na riali 19 za kununulia mbao za kesho. Wapo watakaogeuka mlangoni kwa bei hiyo, na awaage kwa wema.

Jambo la tatu ni ahadi. Samani nyingi za mkono ni za kuagiziwa, na fiqhi ina jina la mapatano ya namna hii: istisnaa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jiddah mwaka 1992, iliamua kuwa mapatano hayo huzifunga pande zote mbili, madhali yameainisha aina ya kitu, kiasi chake, sifa zake na muda. Bei nayo yaweza kulipwa kwa mafungu. Basi kijana aandike karatasi mbili, moja yake na moja ya mteja: mbao gani, urefu, upana na kimo, rangi au mafuta gani, bei, fungu la kwanza, na siku ya kukabidhi. Akiona kazi ni ya wiki 3, aseme 4, kwa maana siku ya harusi haisogezwi kwa sababu gundi haijakauka. Na jambo moja alishike sana: fedha ya mteja wa leo isinunulie mbao za mteja wa jana. Karakana nyingi zenye mikono mizuri zimefungwa kwa mlango huo, na jina la familia likaburutwa pamoja nazo.

Sasa tuje kwenye kujitangaza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema kilichofungiwa karakana kitajiuza kwa nani? Wazee wetu wa Lamu, Pate na Siyu walikiweka kiti cha enzi mahali pa mgeni mheshimiwa, na kila aliyeingia alikiona kabla ya kuona kingine. Kijana naye atafute mahali pake pa kuonekana. Atengeneze rafu moja ya misahafu kwa ajili ya madrasa ya mtaani, aifanye kwa ustadi wote. Ataipata thawabu inshaallah, na wazazi mia wataiona. Akipiga picha kwa simu, asipige uso wa kasha peke yake. Apige na viungo, na mgongo wa mtoto wa meza, na sehemu zile ambazo dukani hufichwa.

Aidha, awe na vitu vidogo. Si kila nyumba yaweza kununua kasha, lakini nyumba zetu nyingi huhitaji mbuzi ya kukunia nazi isiyoyumba, kigoda cha jikoni, na marfaa ya kuwekea msahafu. Marfaa hufungwa vizuri kwa zawadi, hasa Ramadhani inapokaribia. Aliyeridhika na marfaa leo ndiye atakayeagiza kitanda mwanawe akioa. Yule aliyegeuka mlangoni kwa sababu ya riali 180 naye asiondoke mikono mitupu.

Na kila kitu, kikubwa kwa kidogo, akiandike jina lake na mwaka kwa ndani. Makasha ya kale yenye misumari ya shaba, ambayo hapa Oman huitwa mandusi, yanajulikana duniani kama makasha ya Zanzibar. Waliyoyachunguza wameonyesha kuwa mengi yalitengenezwa India, katika pwani ya Malabar na katika miji kama Surat na Bombay, yakavushwa bahari kwa majahazi. Zanzibar ilikuwa soko lake, na jina la soko likabaki. Waliochonga na kugongomea misumari ile, majina yao hayakusomwa popote. Kijana wetu ana kalamu ya moto, na aitumie.

Kuhusu sheria, nina maneno machache. Kijana huyu ni raia, basi aisajili biashara yake. Oman iliunda mamlaka maalumu ya kazi za mikono mwaka 2003, na mwaka 2020 kazi zake zikaunganishwa na mamlaka ya biashara ndogo na za kati. Huko ndiko akaulize mafunzo na maonyesho yaliyopo. Lakini wale wenzetu waliokuja kwa kibali cha kazi cha mwajiri, wasichukue kazi za useremala pembeni bila ya ruhusa. Sheria haiwaruhusu, na riali chache hazifai kumrudisha mtu kwao kwa aibu.

Mzee wangu wa Seeb, sikwambii umlazimishe kijana kubaki na randa, wala sikwambii umwondoe. Mpe miezi 12 na daftari. Akubaliane nawe kuandika kila riali iingiayo na itokayo, na kila ahadi na siku yake ilivyotimizwa. Mwaka ukitimia, kaeni pamoja muisome. Ikiwa daftari lasema kazi yamlipa kama kibarua cha siku 1 kwa siku 3, akatafute ofisi, na useremala ubaki wa jioni. Ikiwa lasema vingine, basi mwachieni, na anayedharau kazi hiyo mkumbusheni kuwa Nabii Zakaria (A.S.), kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alikuwa seremala.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah. Wabillahi tawfiq.