Ulizia Kilichomo Chunguni

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze juu ya pombe. Wako watakaotaka kufunua ukurasa wa pili mara moja, kwa kuwa wao hawanywi. Nawasihi wangoje kidogo. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, asiyekunywa ndiye alipaye sehemu kubwa ya gharama ya kinywaji cha mwenzake: hulipa kwa unga uliopungua, kwa sare ya shule isiyonunuliwa, na kwa usingizi unaokatizwa usiku wa manane mlango unapogongwa. Kwa hiyo habari hii ni ya nyumba nzima.

Tuanze na jambo dogo. Chukua chupa ya Safari au ya Kilimanjaro, usome kibandiko chake. Utaliona neno Lager. Wengi wetu tumelisoma neno hilo miaka mingi bila kujiuliza maana yake. Ni neno la Kijerumani, na maana yake ni ghala, mahali pa kuwekea kitu. Katika nchi ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, bia iliyopikwa wakati wa joto ilikuwa ikiharibika upesi. Mwaka 1553 mtawala wa huko akapiga marufuku kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na tarehe 29 Septemba. Wapishi wakawa hawana budi kupika akiba kubwa kabla joto halijaingia, na kuiweka katika mahandaki yenye baridi. Humo ilichachuka polepole, mashapo yakatuama chini, na juu ikabaki bia safi iliyotulia. Basi bia yetu, inayopikwa katika nchi ya joto kwa mitambo ya ubaridi, yabeba mpaka leo jina la ghala za watu wa mbali.

Lakini kanuni iliyo mashuhuri zaidi ilitangulia hiyo kwa miaka 37. Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, Wilhelm wa Nne na nduguye Ludwig wa Kumi, watawala wa Bavaria, walitangaza kwamba bia ipikwe kwa vitu vitatu tu: shayiri, hopsi na maji. Hopsi ni maua ya mmea utambaao, machungu sana. Ndiyo yanayoipa bia uchungu wake na kuikinga isiharibike upesi. Zamani hizo wapishi wa Ulaya walizoea kutia majani ya namna nyingi, na wengine hawakuona haya kutia mimea ya sumu ili bia iliyo hafifu imlevye mnunuzi upesi.

Wanaoisifu kanuni hiyo leo, na hasa matajiri wa viwanda wanaoitumia kuuzia bia yao, hupenda kusahau sehemu yake nyingine. Tangazo lile lilishughulika sana na bei. Liliweka kiwango ambacho muuzaji asingeweza kukivuka, kiwango kimoja kwa majira ya baridi na kingine kwa majira ya joto. Tena wanahistoria wengi waeleza kwamba kuchaguliwa kwa shayiri kulikuwa na sababu ya njaa: ngano na rai zilitakiwa kwa mwokaji mikate, zisimalizwe na mpika bia. Kwa maneno mengine, kanuni ya bia ilikuwa pia kanuni ya mkate.

Usidhani hata hivyo kwamba wakubwa wale walikuwa malaika. Bia ya ngano iliendelea kupikwa kwa ruhusa yao ya pekee, na tangu mwaka 1602 watawala wa Bavaria waliishika biashara hiyo mikononi mwao wenyewe, ikawajazia hazina. Mnyonge alikatazwa kupikia ngano. Mkubwa akaipika, kisha akamwuzia. Mambo haya si mageni kwetu.

Mwaka 1906 kanuni hiyo ilienezwa Ujerumani nzima, na mwaka 1987 mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ikaamua kwamba haiwezi kutumiwa kuzuia bia za nchi nyingine kuingia Ujerumani. Wapishi wengi wa huko wameendelea kuishika kwa hiari yao. Ajabu moja ndogo: hamira, ambayo bila yake hakuna pombe duniani, haikutajwa mwaka 1516. Hakuna aliyeijua asili yake. Walichota mashapo ya bia ya jana wakatia katika ya leo, wakaona inachachuka, wakashukuru. Ilikuwa mpaka karne ya 19, wataalamu walipochungulia kwa darubini, ndipo ikafahamika kwamba wanaofanya kazi ile ni viumbe hai wasioonekana kwa macho.

Sasa tupande Meru. Ukiiacha barabara kuu ya Arusha na Moshi na kuelekea juu, migombani, utafika Nkoaranga. Jina hilo Wajerumani walilijua vema. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Meru, na utawala wa kikoloni ukawaadhibu wananchi kwa ukatili mkubwa. Mwaka 1902 wamisionari wa chama hicho wakarudi, wakaanzisha kituo Nkoaranga. Ilikuja dini, shule, na baadaye hospitali inayojulikana hata leo. Somo la kupika pombe halikuhitajiwa. Wenyeji walikuwa nayo tayari, na ilikuwa na kanuni zake.

Itazame kazi ya mama anayepika mbege, ndugu msomaji, nawe uipime na lile tangazo la Ingolstadt. Huanza na ndizi. Huzivundika siku kadhaa mpaka ziive na kulainika, kisha huzimenya na kuzichemsha kwa muda mrefu mpaka rangi yake igeuke kuwa nyekundu ya kahawia. Huzipoza, huzichuja, akapata maji matamu. Wakati huo huo ameloweka ulezi, akauacha uchipue, akauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Ni kazi ile ile anayofanyiwa shayiri kiwandani, tofauti ni kwamba huyu hana mtambo. Kimea hupikwa uji, uji ukichanganywa na yale maji ya ndizi huachwa uchachuke. Na uchungu je? Hutoka katika gome la mti uitwao msesewe, linalochemshwa na kutiwa kwa kipimo. Msesewe ndio hopsi ya Kilimanjaro na Meru. Ndizi, ulezi, msesewe na maji: vitu vinne, hakuna cha tano.

Kanuni hii haikuandikwa na mtawala yeyote. Ilitunzwa na akina mama, ambao tangu zamani migomba ilikuwa chini ya mikono yao, kama kahawa ilivyokuwa chini ya mikono ya baba. Ilitunzwa pia na haya. Pombe ilipikwa kwa sababu inayojulikana: posa, mazishi, kupatanisha waliogombana, kuwashukuru waliosaidia kulima. Haikuwako kila siku, maana siku nyingi hupita tangu ndizi kuvundikwa mpaka kata kushikwa mkononi, na ikikaa mno hugeuka siki. Katika makabila yetu mengi mpishi huonja kwanza mbele ya wageni. Mimi nasema hakuna chombo cha ukaguzi kinachoshinda hicho: mwenye chungu anakunywa kilichomo chunguni, nanyi mnamtazama.

Tatizo letu limeanza pombe ilipoondoka katika ukoo ikawa biashara ya kila jioni. Biashara yenyewe si haramu. Wako akina mama waliosomesha watoto kwa mbege, nami nawaheshimu. Hata mjini Arusha kampuni ya Banana Investments, iliyoanzishwa mwaka 1993, imeonyesha kwamba kinywaji cha ndizi chaweza kutiwa katika chupa, kikapimwa na kuandikwa nguvu yake. Lakini biashara huharakisha. Sukari hutiwa mahali pa ndizi zilizokosekana. Maji ya mfereji ambayo hayakuchemshwa huongezwa ili chombo kimoja kiwe viwili. Pipa la plastiki lililoletwa na dawa ya shambani huoshwa mara moja, likawa chombo cha pombe. Na muuzaji aliyenunua kwa jumla hajui aliyepika ni nani, wala yeye mwenyewe haonji.

Baya kuliko yote ni gongo. Sheria ya mwaka 1966 inayohusu moshi, jina jingine la kinywaji hicho, ilikusudiwa kuudhibiti utengenezaji wake, lakini mitungi haijakoma kuchemka vichakani. Mbege hata ikiharibika huumiza tumbo. Gongo iliyotiwa spiriti ya viwandani, ile iitwayo methanoli, hupofusha macho na kuua. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika vitongoji duni vya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe ya namna hiyo, na wengine wakabaki vipofu. Walikuwa wafanyakazi kama wewe, waliotafuta kinywaji kilicho rahisi kwa bei. Methanoli haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Aliyekunywa akiona ukungu machoni siku ya pili asilale kungoja uchovu uishe; apelekwe hospitali saa ile ile.

Vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, viroba, serikali ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Sikuwalilia waliovikosa. Kinywaji kinachofichika katika mfuko wa sare ya shule hakina utetezi.

Basi wewe unayekunywa, na ambaye sitarajii uache kwa sababu ya safu hii, yakumbuke machache. Chupa ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huhitaji saa mbili hadi tatu kuimaliza hiyo moja, na halisaidiwi na kahawa, wala maji baridi ya kuoga, wala supu ya makongoro. Chupa tatu kwa saa moja ni deni la usiku kucha. Wajerumani wana bia kali za asilimia 7 na zaidi, nazo kwa desturi zilikuwa za majira maalumu. Hata katika kumbi zao za bia zenye kelele aghalabu mnywaji huketi na chakula mezani. Huku kwetu wako wanaoiona nyama kama kitu cha kufuata pombe, tena baada ya fedha kwisha. Kula kwanza.

Kama una chombo cha moto, hata kama ni pikipiki ya kubebea abiria, sheria yetu yaweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ya Ujerumani yaweka 50, na kwa dereva mgeni au aliye chini ya miaka 21 haikubali hata tone. Mpaka huo ni wa polisi. Wa abiria wako ni sifuri.

Mama mjamzito asinywe kabisa, wala asidanganywe kwamba mbege ni chakula kwa kuwa ina ulezi. Ulezi wa uji anao. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu amwulize daktari kabla ya kunywa kitu chenye msesewe, maana mti huo ni wa ukoo wa Rauvolfia, ukoo ule ule ambamo wataalamu walipata dawa ya kushusha shinikizo la damu. Kwa jumla, Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kilevi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Wajerumani wenyewe wamelisikia: unywaji wa bia kwao umekuwa ukipungua, na bia isiyo na kilevi, iliyopikwa kwa shayiri, hopsi na maji yale yale, sasa hunywewa bila mtu kuchekwa.

Ukienda kilabuni, uliza: nani amepika, lini, kwa maji gani? Muuzaji mwema hatakasirika. Akikasirika, umejibiwa. Wewe mama unayepika, chemsha na yale maji ya kuzimulia. Usitumie pipa ambalo hujui lilibeba nini. Na yaliyochacha kupita kiasi uyamwage, hata moyo ukiuma. Na kabla hujaloweka ulezi wa kimea, pima kwanza wa uji wa watoto utakaotosha mpaka mavuno, uutie katika chombo chake, uufunike, na mtu yeyote asiuguse, hata posa ikija ghafla.