TUNUNULIWE MAFUVU YA PLASTA

Leo nina neno kuhusu somo la chanzo cha binadamu. Sisi tunalisoma kwa picha za kitabu tu, ati mafuvu yamepangwa mstari, la sokwe mbele na letu mwisho. Ndiyo maana utasikia mtu mzima wa kidato cha nne akisema nyani aligeuka mtu!

Hebu tazameni. Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, fuvu nambari 406 lilipatikana mwaka wa 1969. Lina mashavu mapana na ukingo utosini kama undu wa jogoo, mahali misuli ya kutafunia iliposhikilia. (Guseni panja zenu mkitafuna, mtaihisi.) Mwaka wa 1975 Bernard Ngeneo akapata nambari 3733 huko huko. Hili halina ukingo na ubongo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Viumbe hao waliishi wakati mmoja. Basi nani aligeuka nani? Huo ni mti wenye matawi, si foleni ya matatu.

Tena picha huonyesha upande tu. Tundu la uti wa mgongo liko chini ya fuvu, nalo ndilo linaloonyesha kama mwenyewe alitembea wima. Ukiwa na nakala mkononi, unaipindua tu.

Mafuvu ya asili yanalindwa Nairobi, na ni haki. Lakini nakala zipo, hutolewa kwa kalibu ya fuvu lenyewe. Wako watakaosema pesa ziende kwa paa la maabara. Kweli linavuja. Lakini safari ya Jumba la Makumbusho ikitangazwa, wanaolipa nauli ni wale wale kila mwaka, sisi wengine tunabaki tukifagia. Wengine watasema eti mafuvu yanapinga dini. Plasta hailazimishi mtu kuamini; asiyekubali naye alishike, kisha atupe hoja zake.

Kamoya Kimeu, aliyegundua mabaki ya mvulana wa Nariokotome mwaka wa 1984, hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Jicho lake lilifunzwa na mifupa yenyewe.

Naomba wazazi na walimu tuanze na mawili tu, 406 na 3733. Shule jirani wakichangia, tutazungusha kila muhula. Kabati la maabara lenye kufuli lina rafu tupu, tena upande usiovuja.