Kutembea Bila Mzigo

Ukitaka watu wakutilie shaka hapa kwetu Mtwara, tembea pwani peke yako bila kapu, bila wavu wala jembe. Mimi nilifanya hivyo Jumapili moja ya mwezi wa Februari, kutoka Msimbati kwenda Ruvula. Sijafika mbali, mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza akaniita: "Mwanangu, umepoteza nini?" Nikamwamkia, nikamjibu kuwa sikupoteza kitu, natembea tu. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Mimi ni tabibu msaidizi wa zahanati. Naona kutembea kwa namna hii ni dawa, nasi tumekufanya kuwa aibu. Aibu hiyo inatudhuru.

Nasema hivyo kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuwa akija kwangu kupimwa shinikizo la damu. Nilimwambia apunguze chumvi, ameze vidonge kila siku hata akijiona mzima, tena atembee. Kuhusu chumvi hakubisha. Kuhusu kutembea alicheka. "Mjukuu wangu," aliniambia, "nimetembea tangu utotoni. Sasa nitembee niende wapi? Watasema nimechanganyikiwa." Na mimi nikacheka, nikaandika kwenye kadi yake, nikamwita mgonjwa mwingine. Baada ya miezi michache aliletwa juu ya baiskeli, mkono wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Siwezi kusema kutembea kungemwokoa, maana vidonge pia alikuwa ameviacha. Lakini nilijua kwamba nilimpa ushauri ambao mimi mwenyewe sikuufuata, na kwamba aibu yake sikuishughulikia hata kidogo.

Wapo watakaosema kuwa mkulima hahitaji kutembea, jembe linamtosha. Ni kweli, wakati wa palizi. Je, mwenye duka? Dereva wa bodaboda? Karani? Na mzee aliyewaachia watoto shamba? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya kutoa jasho kidogo kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Hakuna anayedai lazima ubebe mzigo.

Kwa nini peke yangu? Kwa sababu tukiwa wawili tutazungumza bei ya korosho na madeni, na tutarudi na mawazo yale yale tuliyoondoka nayo. Siku ile nilikuwa nimelala vibaya kwa siku nyingi. Nilipoachwa na macho yangu tu, nilianza kuona vitu.

Kwanza vitwitwi. Wimbi likirudi wanalifuata mbio wakidonoa mchanga, wimbi likija wanakimbia, na miguu yao huioni kwa wepesi. Mbele yao sululu mmoja, mdomo umepinda kama mundu, alikuwa akichomoa kaa shimoni taratibu kama mtu mwenye siku nzima. Buabua walikuwa wakijitupa majini kichwa mbele. Wengi wa ndege hawa ni wageni. Vitwitwi na sululu huzaliwa nchi za baridi kaskazini, wengine huko Siberia, huja kwetu baridi inapoanza kwao na kurudi karibu na Aprili.

Aliyenishika zaidi ni ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene. Chakula chake hasa ni kaa. Nilihesabu 23 wamesimama kwenye tope maji yalipokupwa, wote wamegeukia upepo wa kaskazi. Ndege huyu huzaa kwenye pwani za Uarabuni na Ghuba. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Nilikaa chini, nikasahau kilichokuwa kikininyima usingizi. Sikusahau kwa siku nzima, ila kwa saa moja hivi. Saa hiyo ilinifaa.

Juu ya mstari wa maji palikuwa na maua. Mlakasa ulikuwa umetambaa mchangani, majani yake yamegawanyika kama kwato za mbuzi, na maua ya zambarau yamefumbuka. Yafaa uyaone asubuhi, maana jua likiwa kali hunyauka. Mizizi yake hushika mchanga usipeperushwe, kwa hiyo usiung'oe. Karibu na nyumba kulikuwa na vinka, lile ua dogo la waridi au jeupe. Asili yake ni Madagaska, na kutoka kwake wataalamu walipata dawa za kutibu saratani ya damu kwa watoto. Nakuomba usichemshe majani yake nyumbani. Dawa hizo hupimwa kwa uangalifu mkubwa hospitali, na mmea wenyewe una sumu.

Sasa, ukienda, mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Uliza habari za maji kwa wavuvi. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka mita 3 au zaidi, na anayetembea mbali kwenye matumbawe huweza kushtuka maji yamejaa nyuma yake. Chukua maji ya kunywa na kofia. Vaa viatu, hasa mwenye kisukari, kwa kuwa mguu wake waweza kukatwa na chaza asihisi. Kuna samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana kabisa na jiwe. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90, apelekwe kituo cha afya. Joto la maji lipimwe kwanza kwa mguu mzima, asije akaungua. Ukisikia kifua kinabana, simama, usione haya kuomba msaada.

Yule mama wa chaza nilimkuta tena wakati wa kurudi. Nilimwonyesha wale ndege wa kaa. Alisema anawaona kila mwaka, ila hakuwahi kuwatazama.

Mzee wangu naye sasa anatembea kwa fimbo, kutoka mlangoni mpaka kwenye mkorosho na kurudi, mara nne asubuhi. Majirani wanamwona. Nilipompitia wiki iliyopita aliniuliza kama wale ndege bado wapo. Nikamwambia, babu, wapo mpaka Aprili.