Mzazi Kando ya Uwanja

Mtoto anapokosa penalti, macho yake humtafuta kwanza mzazi wake. Atakachokiona katika uso huo ndicho atakachorudi nacho nyumbani.

Andre Agassi wa Marekani alitwaa mataji 8 makubwa ya tenisi. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009, alieleza kwamba aliuchukia mchezo huo tangu utotoni, kwani baba yake alimlazimisha kuucheza na hakuvumilia kumwona akikosea. Vikombe vilipatikana, furaha ilikosekana.

Kusahihisha mchezo ni kazi ya kocha. Kazi ya mzazi ni kumhakikishia mtoto kwamba mapenzi ya nyumbani hayapimwi kwa mabao. Msifuni kwa juhudi, kwa nidhamu na kwa kumwinua mwenzake aliyeanguka, kwa sababu hayo yamo katika uwezo wake. Ushindi si wake peke yake. Akifungwa, msimhoji njiani. Mpeni maji, mwacheni apumzike. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkono ukizidi nguvu humvunja.