Si kila unachofuma lazima ukiuze

Mwonyeshe Mkenya yeyote kitu ulichotengeneza kwa mikono yako na swali la kwanza litakuwa lile lile: "Unauza pesa ngapi?" Hata kabla hajakigusa. Ukimjibu kwamba huuzi, umefuma tu kwa sababu umependa, ama unampelekea mdogo wako shuleni, atakuangalia kama mtu aliyeokota noti ya elfu moja akairudisha barabarani. Kisha utapewa ushauri wa bure: fungua ukurasa Instagram, piga video uweke TikTok, tafuta jina la biashara. Kufikia jioni tayari umeshaanzishiwa kampuni na watu wasio na nia ya kununua hata soksi.

Tunaelewa swali hilo linatoka wapi. Kazi zimekuwa ngumu kupatikana, kodi ya keja haingoji, na kijana aliyemaliza chuo anaweza kukaa miaka akituma maombi yasiyojibiwa. Katika hali hiyo kila kipaji kinapimwa kwa chapaa. Wapo vijana wengi, wa kike kwa wa kiume, ambao krosheti imewalipia nyumba na karo, na kwao hatuna neno ila heko. Lakini kuna kitu tunapoteza tunapokubali kwamba kila saa ya mapumziko lazima iwe na bei. Kijana ana haki ya kuwa na kazi ya mikono ambayo si biashara. Na zawadi aliyoitengeneza nyumbani isihesabiwe kuwa ya bure kwa sababu tu hakuitolea risiti.

Hebu tupige hesabu. Tuseme umefuma sweta ya mtu mzima. Uzi umekugharimu Sh1,200. Kazi yenyewe, ukiwa na mkono mwepesi, imekula saa 30. Mteja anakuambia Sh3,000 ni ghali, mbona Gikomba anapata ya mia mbili? Mnavutana, mnakubaliana Sh2,700. Ukitoa gharama ya uzi unabaki na Sh1,500, yaani Sh50 kwa saa. Hapo hujahesabu nauli ya kwenda tao kununua uzi, bando uliyomaliza ukichati na wateja kumi ambao tisa walitoweka waliposikia bei, wala shingo inayokuuma hadi leo.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: mashine za kufuma zilikuwepo Uingereza tangu 1589, na sweta nyingi za shule humu nchini hutoka kwenye mashine. Krosheti ni hadithi nyingine. Ule ufumaji wa sindano moja yenye ncha ya ndoana, kitanzi juu ya kitanzi, viwanda bado vinaufanya kwa mikono ya watu. Kwa hivyo ukiona blauzi ya krosheti dukani, mpya, kwa bei ya kutupa, jua kuna mtu mahali fulani aliyeketi akaifuma kitanzi kwa kitanzi, na bei hiyo inakuambia alilipwa nini. Unaposhindana na duka hilo kwa bei, unashindana na mtu huyo kuhusu nani atakubali kudhulumiwa zaidi.

Anayetaka kufanya biashara ya krosheti basi aifanye kama biashara, ajilipe, na amwache mteja wa mia mbili aende zake Gikomba kwa amani. Leo tuna haja zaidi na yule mwingine, anayefuma kofia akiwa kwenye foleni ya Thika Road na hana mpango wa kumuuzia mtu.

Huyu anaambiwa anapoteza wakati. Ukweli ni kwamba kupachika kazi ya mikono katikati ya shughuli nyingine ni mambo ya zamani sana hapa kwetu. Wanawake wa Ukambani na wa eneo la Mlima Kenya walisuka vyondo huku wakitembea, mzigo mgongoni, nyuzi za mkonge zikining'inia mkononi, na walipofika walikokuwa wakienda kiondo kilikuwa kimeongezeka mizunguko kadhaa. Lamu hadi leo kuna kofia zinazodariziwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kazi ya wiki na hata miezi, na mshonaji huiweka chini akaenda kupika ama kuswali, akarudi akaendelea pale alipoachia. Vyondo hivyo na kofia hizo ziliuzwa, ndiyo. Lakini vingine havikuwahi kuonekana sokoni: kiondo cha binti anayeolewa, kofia ambayo mke alimshonea mumewe. Mikono ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba msukaji alijua tangu mzunguko wa kwanza kama anasuka cha sokoni ama cha mtu wake.

Vijana wa leo wengi hawafanyi uamuzi huo mapema, na hapo ndipo matatizo huanzia. Unaanza skafu kama zawadi ya rafiki, katikati mtu anaiona kwenye stetasi ya WhatsApp anakutumia pesa, unamuuzia, unaanza nyingine ya rafiki kwa haraka na kinyongo, na siku ya kuzaliwa kwake inakupata na nusu skafu na usingizi machoni. Burudani imegeuka zamu ya usiku ambayo haina mwajiri.

Tuje kwenye vifurushi. Hakuna Mkenya wa mjini ambaye hajawahi kwenda kuchukua mzigo kituo cha basi. Mama ametuma kutoka mashambani: maharagwe, ndizi mbichi, sukuma wiki iliyonyauka njiani, pengine kuku ambaye hajui amefika Nairobi. Mzigo umeandikwa jina na nambari ya simu kwa kalamu ya maka, umefungwa kwa kamba ya manila fundo ambalo hata wewe huwezi kulifungua bila kisu. Ndani kuna kazi ya siku mbili au tatu: kuchuma, kupepeta, kukaanga, kupanga ili mayai yasivunjike.

Na sisi tunarudisha nini? Tangu M-Pesa ianze 2007, jibu limekuwa jepesi: tunatuma pesa, ujumbe unaingia, mambo yamekwisha. Hatutaki kudharau hilo. Pesa ndiyo hununua dawa na mbolea, na mzazi anayengoja karo hahitaji kitambaa cha krosheti. Lakini muulize mama yeyote ni ujumbe gani wa M-Pesa ameuweka kwenye kabati la vyombo vya wageni. Vile vitambaa vya kufunika viti ambavyo sisi hucheka tukienda nyumbani Krismasi, vingi vilifumwa na mtu anayejulikana kwa jina, na mwenye nyumba anakumbuka ni mwaka gani.

Kuna pia desturi yetu ya kuwatumia watahiniwa kadi za kuwatakia heri, hasa msimu wa KCSE unapokaribia. Kadi ya dukani ni sawa. Lakini mtoto wa bweni ambaye ana baridi na hofu atafaidika zaidi na soksi nzito zilizofumwa na ndugu yake, kalamu mbili za ziada, na barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa mkono. Ulizia sheria za shule kwanza, kwa sababu nyingi haziruhusu chakula kutoka nje, na ni aibu chapati zako ziishie kwa bawabu.

Kwa wale wanaoweza kupokea chakula, kwa mfano aliye chuoni mbali na nyumbani, fikiria safari kabla ya kufikiria ladha. Kashata, mabuyu, achari iliyokolea chumvi na siki, biskuti ngumu za nyumbani: hivi hufika. Chapati ikifungwa ingali moto hutoa jasho, na kesho yake ina ukungu. Njugu karanga ndizo za kuangaliwa zaidi. Zikaangwe zikauke, zipoe kabisa, ndipo zifungwe, na zozote zilizokunjamana ama zenye rangi ya kutiliwa shaka zitupwe, kwa maana njugu zenye ukungu zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote.

Sasa, muda wa haya yote unatoka wapi? Wenye kuweza wana siri moja tu, nayo ni kuchagua kazi inayotosha mkobani. Blanketi la kitanda halipandi matatu. Lakini viraba vidogo vya krosheti, kila kimoja cha dakika ishirini au thelathini, unavifuma ukiwa kwenye foleni ya benki, ukimngoja daktari, ama stima ikipotea na simu imezima. Baada ya miezi mitatu unaviunga, na tazama, blanketi limetokea kwenye muda uliokuwa ukienda kwa video za paka. Tunajua pia kuna usiku ambapo mtu ametoka kazini saa mbili, amesimama njia nzima, na kitu pekee anachoweza kushika ni kikombe cha chai. Usiku huo donge la uzi likae pale lilipo. Halina bosi.

Wanaofuma wenyewe husema inatuliza. Mwaka 2013, jarida la Uingereza la tiba kwa njia ya shughuli lilichapisha uchunguzi uliouliza wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali, na waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema wanajisikia watulivu na wenye furaha. Ni kweli waliojibu ni watu waliokuwa wanapenda kufuma tayari, kwa hiyo usiuchukue kama maagizo ya daktari. Lakini ukimwona kijana kwenye basi akihesabu vitanzi midomo ikicheza, angalau unajua kwa dakika hizo hawazi deni la Fuliza.

Tuliacha kwa makusudi jambo lenye uzito zaidi hadi hapa. Katika familia nyingi, mtu wa vifurushi ni mmoja, na mara nyingi ni msichana. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba kaka anafungua shule Jumatatu, kwamba nyanya analalamika miguu baridi, kwamba binamu amejifungua. Ananunua uzi kwa pesa yake, anafuma, anapika, anafunga, anapeleka mzigo kituoni saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wengine wanachangia kwa kusema "mwambie nimemsalimia." Na kwa kuwa anaonekana kupenda, hakuna anayemuuliza kama amechoka. Kisha marafiki nao: "Si unifumie tu kamoja, wewe ni rahisi kwako." Kwa rafiki wa kweli neno "tu" katika sentensi hiyo lina thamani ya saa 30 kama tulivyoona.

Hili linaweza kurekebishwa leo, bila semina. Kaka mtu anaweza kukaanga njugu. Anaweza kununua uzi, kuandika barua, kubeba mzigo hadi kituoni. Anaweza hata kujifunza kufuma, na kama anaogopa kuchekwa mtaani, amtazame Tom Daley, aliyekuwa mpiga-mbizi wa Uingereza. Kwenye Olimpiki za Tokyo mwaka 2021 alishinda dhahabu, na siku chache baadaye kamera zikamnasa ameketi jukwaani anafuma, watu wakiruka majini mbele yake. Alikuwa amejifumia hata mfuko wa kuwekea medali yake isikwaruzwe. Hakuna aliyemwambia arudi mazoezini.

Naye dada mtu ana ruhusa ya kusema hapana. Mwaka huu natengeneza vifurushi viwili, cha nyanya na cha mtahiniwa, wengine mtanisamehe. Anayetaka cha tatu alete uzi na aje kuosha vyombo wakati mimi nafuma. Mwenye kununua, bei ni hii na haipungui. Maneno haya yakisemwa mapema, kwa upole, kwenye kundi la familia ambapo kila mtu anasoma, huokoa ugomvi mwingi wa Desemba.

Kabla hujafunga mzigo, weka ndani kijikaratasi cha maelezo ya kufua. Nyuzi nyingi tunazonunua humu nchini ni za akriliki, nazo zikikutana na pasi ya moto hulegea, na haziwezi kurudi zilivyokuwa. Uzi wa sufu halisi shida yake ni maji moto na kusuguliwa. Sweta ya mjomba inaweza kutoka kwenye karai ikiwa saizi ya mtoto wa chekechea. Andika kwa herufi kubwa: MAJI BARIDI, USIPIGE PASI. Na nambari ya simu iandike mara mbili, nje na ndani, maana ile ya nje hufutika mvua ikinyesha.