Titi Likiondolewa: Silikoni, Nyama ya Mwili, au Kitambaa?

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona, tena tukiwa wawili tu jikoni. Ni habari ya mama aliyeambiwa na daktari kwamba titi lake lina saratani, na kwamba halina budi kuondolewa.

Sisi tunaozunguka katika vikundi vya akina mama vya Mbulu na Hanang tunajua swali linalokuja kwanza. Mara nyingi mama haulizi, "Je, nitapona?" Huuliza, "Mume wangu atanionaje?" Wengine hurudi nyumbani, wakasema wanakwenda kushauriana, kumbe wamekwenda kujaribu mizizi na majani. Wanaporudi hospitali, uvimbe umekwisha kuwa kidonda. Katika nchi yetu saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati matibabu yamekuwa magumu.

Siku hizi limezuka swali lingine. Ndugu zetu walioko ng'ambo hutueleza kwamba titi lililokatwa huweza kutengenezwa upya. Tena husema kwamba wanawake waliowekewa silikoni sasa wanaitoa na kutengenezewa titi kwa nyama ya miili yao wenyewe. Je, ni kweli? Na sisi wa Haydom, Dongobesh, Katesh na Basotu linatuhusu nini? Ni kweli, nalo linatuhusu. Hebu tulitazame kwa utulivu.

Mfuko wa silikoni

Silikoni ni kitu laini kama uji mzito, kilichotiwa ndani ya mfuko. Mfuko huo huwekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mwanamke wa kwanza aliwekewa mwaka 1962 huko Houston, Marekani. Uzuri wake ni kwamba upasuaji wake ni mfupi, na mwili haukatwi mahali pengine.

Lakini mfuko huo si wa maisha. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani inasema wazi kwamba kadiri miaka inavyopita, ndivyo uwezekano wa kuhitaji upasuaji mwingine unavyozidi. Mfuko huweza kupasuka bila mwenyewe kujua. Mwili nao hujenga utando wa kovu kuuzunguka, na utando huo ukikaza, titi huwa gumu na kuuma. Jambo hili huwapata zaidi wale waliochomwa mionzi kifuani.

Zaidi ya hayo, historia yake ina misukosuko. Mwaka 1992 Marekani ilizuia mifuko hiyo, isipokuwa kwa wagonjwa waliokuwa chini ya uangalizi wa watafiti, wakiwamo waliokatwa titi. Haikuruhusiwa tena kwa wote mpaka mwaka 2006. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba kampuni moja ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, ilikuwa ikijaza mifuko yake silikoni ya viwandani isiyokusudiwa mwili wa binadamu, na mwenye kampuni akahukumiwa kifungo mwaka 2013. Mwaka 2019 mifuko ya aina moja, yenye ganda la kukwaruza, iliondolewa sokoni duniani kote, kwa sababu ilihusishwa na saratani ya nadra ya mfumo wa limfu inayoota kandokando ya mfuko.

Haya hatuyasemi ili kumtisha mama ambaye tayari anao mfuko kifuani. Wengi wanaishi nao bila tatizo. Lakini kama titi hilo litavimba ghafla baada ya miaka mingi, likiwa gumu au kubadilika umbo, asikae nyumbani. Aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi kwamba ndani kuna mfuko. Daktari hawezi kukisia.

Nyama ya mwilini mwako

Watu wetu wanajua mtoto akiungua motoni, daktari huchukua ngozi ya paja akaziba jeraha. Kutengeneza titi kwa nyama ya mwili ni jambo la jamii hiyo hiyo, ila ni kubwa zaidi, kwa sababu kinachohamishwa ni ngozi pamoja na mafuta, na mara nyingine msuli, navyo havina budi kuendelea kupata damu.

Njia ya zamani ni ile ya mgongoni. Daktari wa Italia, Iginio Tansini, aliieleza tangu mwaka 1906. Msuli mpana wa mgongo huzungushwa kupitia chini ya kwapa mpaka kifuani, ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake wa damu. Njia nyingine ni ya tumboni. Mwanzoni walichukua mafuta pamoja na msuli wa tumbo. Katika miaka ya 1990 ikapatikana njia ya kuchukua ngozi na mafuta tu, msuli ukaachwa mahali pake, na mishipa midogo ya damu ikashonwa upya kifuani kwa kutumia darubini.

Mama anayetaka kuondokana na silikoni hutolewa mfuko, na utando wa kovu ikibidi, kisha mahali pale hujazwa nyama yake. Titi la namna hii lina joto la mwili, hunenepa mama akinenepa, hupungua akikonda, wala halina tarehe ya kwisha. Ndiyo sababu wengine huona afadhali wavumilie upasuaji mkubwa mara moja kuliko kurudi kwenye kisu kila baada ya miaka kadhaa.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Upasuaji wa tumboni wenye kushona mishipa huchukua saa 6 hadi 8, na pengine zaidi. Mara chache mishipa huziba na nyama yote ikafa. Makovu huwa mawili, la kifuani na la tumboni. Titi hilo halitoi maziwa, na hisia zake si kama za zamani.

Kwa mama wa Mbulu na Hanang

Hapa ndipo tunapotaka kila mama apime mwenyewe. Baada ya upasuaji wa tumbo, mama huambiwa asiinue kitu kizito kwa muda wa wiki 6 hivi. Nani atachota maji? Nani atabeba kuni na kusukuma jiwe la kusagia? Msuli wa mgongo ukichukuliwa, bega hupungukiwa nguvu kidogo, nasi tunaishi kwa jembe, kwa mahindi, maharage na vitunguu saumu. Silikoni nayo humtaka mama awe na hospitali ya kumchunguza mara kwa mara.

Kuondoa titi ni upasuaji unaojulikana na madaktari wa upasuaji wengi, nasi tunayo hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayotuhudumia tangu mwaka 1955. Lakini kushona mishipa kwa darubini si kazi ya hospitali za wilaya. Mabingwa wa upasuaji rekebishi nchini ni wachache, na wengi wako miji mikubwa kama Dar es Salaam, au ng'ambo ya mpaka Nairobi. Gharama ni kubwa, na safari ni ndefu.

Basi, neno letu ni hili: titi jipya linaweza kungoja, saratani haingoji. Marekebisho huweza kufanywa siku ile ile, au mwaka ujao, au hata baada ya miaka 10. Mama anayekubali kukatwa leo hajafunga mlango wa kutengenezwa kesho. Anayekimbia kisu ndiye anayeweza kuifunga milango yote. Kabla ya upasuaji muulize daktari: Je, nitachomwa mionzi? Je, nikitaka marekebisho baadaye, nitapelekwa wapi?

Titi la kitambaa

Wakati wa kungoja, au kwa maisha yote kama mama atapenda, iko njia ambayo vikundi vyetu vya ushonaji vinaiweza. Kata kitambaa laini cha pamba, shona mfuko wenye umbo la titi lililobaki, ujaze pamba safi. Shona kijifuko ndani ya sidiria ili usihame. Wiki za kwanza uwe mwepesi. Kidonda kikipona kabisa, baada ya wiki 6 hadi 8, tia mtama mkavu kidogo katikati ili uzito ulingane na upande wa pili na bega lisiende kombo. Mtama ubadilishwe mara kwa mara, na kitambaa kifuliwe.

Asijidharau mama anayevaa hiki. Wala asimlaumu mwenzake anayetafuta upasuaji, akisema ni majivuno. Kila mmoja anatafuta kusimama tena mbele ya watu.

Neno kwa familia

Zamani Wairaqw walikuwa na mwiko wa metimani, ambapo mtu aliyepatwa na msiba fulani, kama mama aliyeharibikiwa mimba, alitengwa asichangamane na wengine. Tusimwekee metimani mpya mama aliyekatwa titi. Akienda mnadani, tumsalimu kama jana. Akija ibadani, tukae naye benchi moja. Tukumbuke yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12: Bwana hakumwacha ajifiche katika umati, alimwita binti.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu baada ya wake zenu, agano la ndoa hamkulifunga na kiungo kimoja. Msindikizeni mama hospitali. Neno lenu moja, "Nenda ukatibiwe, mimi nipo," laweza kuokoa maisha.

Na wewe mama, jipapase matiti yako kila mwezi. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Ukiuona, usingoje mavuno yaishe. Mungu awabariki, awape ujasiri.