Mtoto naye ni abiria

Jumapili niliwapeleka mke wangu na watoto wetu watatu kutembea kisiwani, Ziwa Victoria. Nilikata tiketi mbili. Watoto hawakuandikwa popote, na jaketi okozi zote zilikuwa za watu wazima. Jioni tulirudi salama, tumeshiba samaki.

Lakini Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Wafanyabiashara wenzangu, magunia tunayahesabu moja moja hadi mpakani. Nchi zetu zote ziandike kila mtoto anayepanda. Nasi tukiona kivuko kimejaa, tungoje kinachofuata. Gunia likizama utanunua jingine. Mtoto utamnunua wapi?